Lenzi ya Makro kwa Buibui wa Milimita 5

Kandokando ya Ziwa Viktoria, upande wa Kenya na Uganda, anaishi buibui mrukaji aitwaye Evarcha culicivora. Windo analolipenda kuliko yote ni mbu jike aliyekwisha kunywa damu, na urefu wa buibui mwenyewe ni kama milimita 5. Kwa anayetafuta lenzi ya makro, sijui kipimo kizuri kuliko yeye. Basi tuzipime lenzi zenye sifa kubwa kwa mwili wake.

Iliyotangulia zote katika kamera za filamu ya milimita 35 ni Makro-Kilar ya Heinz Kilfitt, ya mwaka 1955. Iliweza kulenga kutoka mbali hadi karibu kabisa bila kufungiwa kifaa cha ziada, na toleo lake la D lilifika 1:1: mdudu wa milimita 5 anaacha taswira ya milimita 5 kwenye filamu. Hadi leo lenzi nyingi za makro huishia hapo. Kwenye kihisi chenye upana wa milimita 36, buibui wetu anachukua sehemu moja tu kati ya saba.

Canon MP-E 65mm ya mwaka 1999 inaanzia pale wenzake wanapochoka. Inakuza kutoka mara 1 hadi mara 5, na ikifika 5 fremu nzima hubeba eneo la milimita 7.2 kwa 4.8. Buibui anaijaza! Ninaiheshimu mno lenzi hii, lakini simshauri anayeanza aikimbilie. Haina otofokasi, na haipigi picha ya mtu wala mlima. Unalenga kwa kusogeza kamera yenyewe. Tundu likiwa wazi kabisa, sehemu inayotoka kwa ukali ina kina cha takribani milimita 0.05, kwa hiyo ukiyapata macho umeikosa miguu. Mwanga nao hupungua hadi f/2.8 ikawa kama f/16, hivyo flashi ni lazima. Zaidi ya yote, kioo cha mbele kinabaki sentimita 4 tu kutoka kwa kiumbe mwenye macho makali kuliko buibui wengi.

Umbali huo ndio wa kuuliza kwanza dukani. Laowa 15mm, ambayo ni miongoni mwa lenzi zenye upana mkubwa zaidi zinazofika 1:1, inataka uwe chini ya nusu sentimita: kivuli chako kinafika kabla yako. Sigma 180mm f/2.8 ya mwaka 2012 inakuacha zaidi ya sentimita 20 nyuma, ila ina uzito wa kilo 1.6, na mkono utakuambia mapema.

Kwa wengi wetu jibu liko kwenye milimita 90 hadi 105. Canon RF 100mm ya mwaka 2021 inapita kidogo 1:1 na kufika mara 1.4, na bado inapiga picha nzuri za sura za watu.

Na iliyo rahisi kuliko zote kwa bei si lenzi. Ni pete za kurefusha, zisizo na kioo ndani. Weka milimita 50 za pete nyuma ya lenzi ya milimita 50, nawe umefika 1:1.