Kuondoa Wanja na Maskara bila Kuyadhulumu Macho

Ufundi wa kutia wanja mabinti wa pwani yetu huurithi kwa mama zao na kwa masomo zao, wala hawahitaji kufundishwa zaidi. Lakini elimu ya kuuondoa, ambayo kwa hakika ndiyo yenye taathira kubwa zaidi juu ya afya ya jicho, imeachwa iwe kazi ya haraka ifanywayo kwa usingizi, kwa ncha ya kanga na povu la sabuni ya kuogea.

Ngozi ya kope ndiyo nyembamba kuliko ngozi zote za mwili, haifikii hata milimita moja kwa unene, nayo imekosa ule utando wa shahamu uliopo chini ya ngozi ya shavu. Ukingoni mwake, nyuma ya mizizi ya nywele za kope, zimejipanga tundu ndogo mno za tezi zitoazo mafuta mepesi, ambayo hutanda juu ya machozi yasikauke upesi. Basi asuguaye kwa nguvu huzing'oa nywele, huichubua ngozi, na lililo baya zaidi, huusukuma ule weusi ukaziba tundu hizo. Na zikisha kuziba, jicho huwasha, hukauka, na mara nyingine huota chokea.

Tena nguvu hiyo haina faida. Maskara isiyotoka kwa maji hutengenezwa kwa nta, na nta haisikii maji hata yakimwagwa ndoo nzima. Kiiyeyushacho ni mafuta. Ama sabuni ya kipande, kwa kuwa pH yake aghalabu hupita 9 ilhali machozi yako karibu na 7.4, hilo peke yake latosha kueleza kwa nini jicho huwaka moto.

Bi harusi ateremkapo jukwaani usiku wa manane, na anawe mikono kwanza, na kama amevaa lenzi, azitoe kabla ya jambo lolote. Kisha atie mafuta katika kipande cha pamba laini, afumbe jicho, akiweke juu yake pasipo kukandamiza, na akiache kwa muda wa nusu dakika. Subira hiyo ndiyo kazi yenyewe. Nta ikisha kulegea, pamba ivutwe taratibu kuelekea chini, kwa mkondo wa nywele zenyewe. Masalio yaliyong'ang'ania mizizini yafuatwe kwa kijiti chenye pamba, na kila jicho lipewe kipande chake. Mwisho anawe kwa maji ya uvuguvugu, maana mafuta yakibaki jichoni huleta ukungu.

Mafuta ya nazi yaliyo safi, yasiyotiwa manukato, yafaa, mradi yamiminwe wala yasichovywe vidole. Chupa ya dukani yenye maji na mafuta yaliyojitenga sharti itikiswe kwanza. Kitambaa kimoja kuwafuta watu wawili ni jambo nisiloliruhusu kabisa, kwa kuwa vikope, maradhi yaliyokwisha kupofusha watu wengi, hupita kwa njia hiyo hiyo.

Na hapa sina budi kuutaja wanja wa jiwe. Mwingi uuzwao kwa jina hilo husagwa kutokana na madini yenye risasi, sumu idhuruyo ubongo wa mtoto, na Marekani imeuzuia kuingizwa nchini mwake. Huo hapana namna ya kuuosha itakayouhalalisha. Asipakwe mtoto mchanga, hata bibi yake akishikilia kwamba ndiyo mila.

Nawe ndugu msomaji, maskara iliyotimiza miezi 3 tangu kufunguliwa itupe. Na jicho likiwa jekundu, likatoa matongo au likakataa mwanga, acha vipodozi vyote, usijitibu kwa dawa ya jirani, umwendee tabibu wa macho siku ile ile.