Port Arthur: Gereza la Kale Lenye Somo kwa Walinzi

Kusini ya bara la Australia, ng'ambo ya mlango wa bahari wa Bass, kipo kisiwa cha Tasmania. Mji wake mkuu ni Hobart. Kutoka Hobart hadi magofu ya gereza la Port Arthur ni safari ya gari ya kiasi cha saa moja na nusu, na mabasi ya watalii hufunga safari hiyo asubuhi na kurejea jioni. Tulipopata fursa ya kuungana na msafara mmojawapo, tulikwenda kwa jicho la askari. Tulitaka kuona mandhari, naam. Lakini zaidi tulitaka kujua jinsi walinzi wachache walivyowaweka maelfu ya watu kifungoni kwa muda wa miaka 47, na kazi hiyo iliwafanya nini wote wawili, aliyefungwa na aliyefunga.

Yafaa kwanza tueleze asili ya mambo. Tangu mwaka 1788 hadi 1868 serikali ya Uingereza iliwasafirisha wafungwa zaidi ya 160,000 hadi Australia. Kati yao, zaidi ya 70,000 walishushwa katika kisiwa hiki, ambacho wakati huo kiliitwa Van Diemen's Land. Usafirishaji wa kwenda huko ulikomeshwa mwaka 1853, na miaka mitatu baadaye kisiwa kikapewa rasmi jina la Tasmania, kana kwamba watu walitaka kusahau jina la kale pamoja na habari zake.

Wengi wa wafungwa hao hawakuwa wauaji. Walikuwa wezi wa nguo, wa kondoo na wa vyombo vya nyumbani, waliohukumiwa miaka 7, miaka 14 au maisha. Walikuwamo pia askari waliohukumiwa na mahakama za kijeshi, na watu wa siasa. William Smith O'Brien, kiongozi wa Waairishi walioasi mwaka 1848, aliwekwa Port Arthur mwaka 1850. Mwenzake katika mashaka, ingawa yeye hakufungwa Port Arthur, alikuwa William Cuffay, fundi wa kushona nguo mwenye damu ya Kiafrika, ambaye baba yake alitoka katika utumwa wa kisiwa cha St Kitts. Cuffay aliwapigania wafanya kazi wa London wapate haki ya kupiga kura. Kwa hayo akahukumiwa, akafikishwa Hobart mwaka 1849. Alisamehewa mwaka 1856, lakini hakurudi kwao. Alifariki Hobart mwaka 1870.

Port Arthur yenyewe ilianza mwaka 1830, ikiwa kambi ya kukata mbao, na jina lake lilitokana na Kanali George Arthur aliyekuwa akikitawala kisiwa. Punde si punde ikafanywa mahali pa adhabu kwa wafungwa waliotenda makosa mapya baada ya kufika. Lilikuwa, basi, gereza ndani ya gereza.

Basi letu lilipita Sorell na Dunalley, na kabla ya adhuhuri tukafika Eaglehawk Neck. Hapo nchi inabanwa na bahari pande zote mbili mpaka inabaki shingo ya mchanga ambayo upana wake haufiki mita 100. Ng'ambo ya shingo hiyo ndiyo Rasi ya Tasman. Hiyo ilikuwa ardhi ya Wapydairrerme, wenyeji wa asili waliovua na kuwinda humo kabla ya Waingereza kuwapokonya. Ofisa yeyote aliyefundishwa kusoma ramani atatambua mara moja kwa nini mahali hapa palichaguliwa. Mtoro wa miguu hakuwa na njia nyingine, na kikosi kidogo kiliweza kuiziba.

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1830 mbwa wakali waliwekwa hapo, kila mmoja na mnyororo wake, wakapangwa mstari mmoja kutoka ufuko hadi ufuko. Walikaribiana kiasi kwamba mtu hakuweza kupenya katikati yao, lakini wao wenyewe hawakuweza kufikiana wakaumana. Taa za mafuta ziliwaka usiku, na chini palitandazwa makombe meupe ya pwani ili mwanga uzidi na kivuli cha mtu kionekane. Mbwa wengine walikaa juu ya majukwaa yaliyojengwa ndani ya maji. Aidha, uvumi ulienezwa kwamba bahari hiyo imejaa papa. Nyumba ya mbao ya maofisa wa lindo, iliyojengwa mwaka 1832, ingali imesimama, na leo ni makumbusho madogo.

Husimuliwa hapo kisa cha mfungwa aitwaye Billy Hunt, aliyejivika ngozi ya kangaruu akaanza kurukaruka kuelekea shingoni. Walinzi, ambao kitoweo chao kilikuwa haba, walipomwona mnyama mnono waliinua bunduki. Ikambidi Hunt kuitupa ngozi na kupiga kelele kwamba ni yeye. Msafara mzima ulicheka. Lakini mwishoni mwa mwaka 1842 Martin Cash na wenzake wawili waliogelea usiku kandokando ya lindo lile lile, nguo zao zikachukuliwa na maji, wakatoka salama na kuwa wanyang'anyi wa porini wenye sifa kubwa. Mnyororo, mbwa na papa wa uvumi havikutosha. Mtu akishaona kwamba hana cha kupoteza, kizuizi hupungua nguvu yake.

Karibu na lindo hilo tulishuka ufukoni kuona Tessellated Pavement, uwanda wa mawe uliopasuka kwa mistari iliyonyooka hata ukadhani ni kazi ya fundi wa vigae. Mbele kidogo ipo Tasman Arch, daraja la mwamba lililosalia baada ya mawimbi kutoboa pango na kuliangusha paa lake. Na jirani yake Devil's Kitchen, shimo refu lisilo na paa tena, ambamo bahari hunguruma mchana na usiku. Kusini zaidi, ncha za Cape Raoul na Cape Pillar zimesimama kama nguzo zilizofungwa pamoja. Ni mwamba wa doleriti, uliotokana na ujiuji wa moto uliopoa chini ya ardhi zaidi ya miaka milioni 160 iliyopita. Magenge ya huko hufikia karibu mita 300 juu ya maji, nayo ni miongoni mwa magenge marefu ya pwani katika nusu ya kusini ya dunia. Sili hulala juu ya mawe ya chini. Mbele ya Cape Pillar kipo kisiwa cha Tasman, chenye mnara wa taa uliowashwa mara ya kwanza mwaka 1906. Mtalii husimama hapo akavuta pumzi kwa furaha; mfungwa wa zamani aliyatazama magenge hayo hayo akaona ukuta.

Baada ya mwendo wa kilomita 20 hivi tukafika gerezani. Mgeni asiyeambiwa angedhani ameingia katika bustani ya tajiri: majani mabichi, miti mikubwa, ghuba tulivu, na magofu ya mawe na matofali mekundu. Jengo kubwa kuliko yote lilijengwa katika miaka ya 1840 kuwa kinu cha kusaga unga pamoja na ghala. Maji ya kukizungusha yalipopungua, wafungwa walikanyaga gurudumu kwa miguu yao. Kinu hakikufanikiwa, na katika miaka ya 1850 kikageuzwa kuwa bweni la gereza: vyumba 136 chini kwa waliohesabiwa kuwa wakorofi, na juu bweni la watu 480 wenye mwenendo bora. Moto wa msituni uliliteketeza mwaka 1897, zikabaki kuta. Kanisa, ambalo nalo lilijengwa na wafungwa, liliungua mwaka 1884.

Mtu aliyeitengeneza Port Arthur kuliko wengine ni Kapteni Charles O'Hara Booth wa Rejimenti ya 21, aliyekuwa mkuu wake tangu mwaka 1833 hadi 1844. Alikuwa ofisa wa bidii na utaratibu. Alisimamisha vilimani milingoti ya ishara yenye mikono, hata habari ya mtoro ikaweza kufika Hobart kabla ya mtoro mwenyewe kwenda mbali. Mwaka 1836 alijenga reli ya mbao ya kilomita 7 hivi kutoka Norfolk Bay hadi Long Bay. Wengi huihesabu kuwa reli ya kwanza ya abiria katika Australia. Haikuwa na injini wala farasi. Abiria aliketi, na wafungwa wakakimbia wakisukuma.

Katika miaka hiyo mjeledi ulikuwa chombo cha kila siku. Tusisahau kwamba askari aliyeshika lindo naye aliweza kupigwa mjeledi kwa makosa yake. Adhabu hiyo ilifutwa kabisa katika jeshi la Uingereza mwaka 1881 tu. Ndipo wakubwa wa magereza wakaja na fikira mpya, wakaiona kuwa ya huruma na ya kisayansi: kuuacha mwili na kuishughulikia akili. Kwa kufuata mfano wa gereza la Pentonville la London, mwishoni mwa miaka ya 1840 lilianza kujengwa Gereza la Kutengwa.

Hapo ndipo tulipokaa muda mrefu kuliko pengine pote. Mfungwa aliyeingia humo alivuliwa jina, akaitwa kwa namba. Alikaa peke yake chumbani saa 23 kwa siku, akifanya kazi, akila na kulala humo humo. Saa moja iliyobaki alitembea peke yake katika uwanja mdogo wenye kuta ndefu. Alipotolewa nje ya chumba alifunikwa uso asijulikane na wenzake. Hata kanisani kila mmoja alisimama ndani ya kizimba chenye mlango wake, asimwone mtu yeyote ila mhubiri. Kusema kulikatazwa. Mkaidi aliingizwa katika chumba cha giza, nyuma ya milango mfululizo, mahali ambapo sauti haiingii wala haitoki. Tuliingia humo kwa dakika moja, na dakika hiyo ilitutosha.

Walinzi nao walinyamazishwa. Walivaa viatu vya manyoya yaliyoshindiliwa ili hatua zao zisisikike, wakaagizana kwa ishara za mikono. Basi ndani ya jengo moja walikuwamo watu wa namna mbili, na wote walikatazwa kuwa watu. Hakuna aliyepigwa humo, hakuna damu iliyomwagika sakafuni, na bwana zamu aliweza kuandika katika kitabu chake kwamba siku imepita bila tukio. Kumbe hatua chache kutoka mlangoni, katika miaka ya 1860, ilibidi kujengwa nyumba ya wagonjwa wa akili. Hatusemi kwamba kila aliyelazwa humo alipotewa na akili kwa ajili ya vyumba vile. Wengi walikuwa wazee waliochakazwa na miaka ya kifungo. Lakini majengo hayo mawili yanasimama jirani hata leo, nasi tuliyatazama kwa pamoja.

Mchana mashua ilituzungusha ghubani. Upande mmoja tulioneshwa Point Puer, gereza la watoto wa kiume lililodumu tangu mwaka 1834 hadi 1849. Walipita humo watoto wapatao 3,000, baadhi yao wakiwa na umri wa miaka 9 tu. Walifundishwa useremala, ushonaji viatu na kuchonga mawe. Walifundishwa pia kuchapwa. Upande wa pili kipo kisiwa kidogo cha makaburi, Isle of the Dead, walikozikwa watu wapatao 1,000. Maofisa, askari na jamaa zao walizikwa sehemu ya juu, kwa mawe yaliyochongwa majina. Wafungwa walizikwa sehemu ya chini, walio wengi bila jiwe. Na mafundi walioyachonga majina ya wakubwa wao walikuwa ni wafungwa hao hao.

Katika uwanja wa Port Arthur ipo pia bustani ya kumbukumbu ya msiba mwingine. Tarehe 28 Aprili 1996 mtu mmoja mwenye silaha aliwaua watu 35 mahali hapa na katika ujirani wake. Hazikupita wiki mbili, serikali ya Australia na serikali za majimbo zikakubaliana juu ya sheria kali za silaha, na bunduki zaidi ya 650,000 zikanunuliwa kutoka kwa raia na kuharibiwa. Kuta za mkahawa walimouawa wengi zimeachwa bila paa, na mbele yake yapo maji yaliyotulia. Wageni waliokuwa wakiongea kwa sauti walinyamaza walipofika hapo, wala hakuna aliyewaamuru.

Gereza lilifungwa mwaka 1877. Serikali ilibadili jina la mahali pakaitwa Carnarvon, na viwanja vikauzwa. Watu wa Tasmania waliona haya kwa miaka mingi. Wengine walificha kwamba babu zao waliletwa kwa minyororo. Leo mambo yamegeuka. Wajukuu hutafuta majina ya wazee wao katika vitabu vya gereza, na mwaka 2010 Port Arthur iliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO pamoja na maeneo mengine 10 ya wafungwa wa Australia.

Lipo jambo moja ambalo askari na polisi wenzetu wangefaa kulitia moyoni. Milango ilipofunguliwa watalii walianza kuja mara moja, na miongoni mwa waliowatembeza walikuwamo wafungwa wa zamani. Mabwana jela walikuwa wameandika madaftari mengi, kwa hati nzuri na kwa tarehe; lakini mgeni aliyetaka kujua mlinzi wa Port Arthur alikuwa mtu wa namna gani alimwuliza yule aliyelindwa. Sisi tunaopewa funguo, pingu na bunduki kwa niaba ya raia, tuna mamlaka juu ya mwili wa mtu kwa muda uliowekwa na sheria. Jina lake na akili yake havikukabidhiwa kwetu. Muda huo ukiisha atatoka, na atakuwa na habari zetu za kusimulia.