Je, Wajua? Mtoto na Vitenzi vya Kihispania

Mtoto wa miaka mitatu hivi, aliyezaliwa Madrid au Bogotá na kukulia katika Kihispania, aghalabu husema «sabo» akikusudia «najua», ilhali wakubwa wake husema «sé», wala hakuna aliyemfundisha neno hilo. Amelitunga mwenyewe, kwa kuwa amekwisha kutambua kwamba kutokana na «comer», yaani kula, hupatikana «como», ninakula, basi akaona ni haki «saber», yaani kujua, nacho kiifuate kaida ile ile. Kadhalika kikombe kikimponyoka kikavunjika, hukitangaza kuwa «rompido» badala ya «roto».

La ajabu zaidi ni kwamba huenda mtoto huyo huyo, alipokuwa mdogo kuliko hivi, alitamka «roto» sawasawa, maana alilihifadhi kama alivyolisikia. Kosa humjia akisha kuifahamu kanuni, nalo humwondokea taratibu kadiri anavyoyazoea maneno asi, yaani yasiyofuata kanuni. Wataalamu Clahsen, Aveledo na Roca, katika uchunguzi waliouchapisha mwaka 2002, walibainisha kwamba watoto hawa huvitia vitenzi asi katika kanuni, bali kukiasisha kitenzi kitiifu ni nadra mno. Kwa hiyo mtoto asikaripiwe, kwani kosa hilo ni dalili ya akili inayopima na kulinganisha. Na hata Real Academia Española, taasisi yenye mamlaka juu ya lugha hiyo, imelikubali neno «freído», yaani kilichokaangwa, linalofuata kanuni, sambamba na «frito» la kale.