Fahamu: Kazi ipi simu huifanya yenyewe, na ipi huituma kwa seva?

Kati ya Kasongo na Kabambare, nchini Kongo, mtandao haushiki kila mahali. Hapo ndipo tofauti hii huonekana.

Ndani ya simu: ODK Collect, programu ya kukusanya takwimu iliyoanzia Chuo Kikuu cha Washington mwaka 2008, huruhusu fomu kujazwa bila intaneti. Simu hukagua majibu papo hapo, huyahifadhi, kisha huyatuma mtandao ukirudi.

Kwenye seva (kompyuta ya mbali): M-Pesa, huduma ya pesa kwa simu iliyoingia Kongo mwaka 2012, hutumika hata kwa simu ya vibonye isiyo na intaneti. Ila salio lako limo kwenye seva: mawimbi yakikatika, hutumi hata faranga moja.

Ufanyeje? Pakua ramani na lugha za kutafsiri ukiwa bado mjini, ili simu izitumie yenyewe bila mtandao. Miamala imalize kabla ya kuondoka.