Mukaba wa kiunoni: namna ya kubeba pompe bila kuumiza mabega



Wakati wa viazi na tomati, pompe ya kupulizia dawa haipumziki. Inatoka mu depo asubuhi, inapita ku migongo ya watu watatu ao wane, inarudi jioni. Tunapotembelea mashamba, mara nyingi watu hawatuulizi kwanza juu ya dawa. Wanatuonyesha bega: alama mbili nyekundu, pale mukaba ulikaa muchana muzima. Mwingine anashika mugongo wa chini, anasema unamuuma hata akilala. Na karibu wote wanamalizia na neno moja: «Ni kazi tu, tutafanya nini?»

Kuna kitu cha kufanya, na hakiombe makuta mingi. Lakini kikifanywa vibaya kinaweza kuleta hatari kuliko maumivu yenyewe. Ndio maana tunaomba musome mpaka mwisho mbele ya kukata mukaba wa kwanza.

Tuhesabu uzito kwanza

Pompe nyingi za mugongoni zinaingiza litri 16. Litri moja ya maji ni kilo 1. Pompe yenyewe, ikiwa tupu, iko na kilo 4 hivi. Kwa hiyo, mutu anayejaza mpaka juu anabeba kilo 20.

Sasa tuangalie shamba. Kama unatumia litri 320 ku hekta moja, utajaza pompe mara 20. Kama kila unapopita unapulizia upana wa metre 1, utatembea kilometre 10 mbele ya kumaliza hekta hiyo. Na mu milima yetu, kilometre 10 ni kupanda na kushuka, mara nyingi mu matope. Mukono mumoja unapampu, mwingine unashika lansi. Ni kweli uzito unapunguka dawa inapotoka, lakini ukijaza tena, zile kilo 20 zinarudi.

Uzito hauishi, unahamishwa

Fanya jaribio hili ku nyumba. Chukua jembe, ulishike karibu na chuma, ulinyooshe mbele yako. Kisha ulishike ku mwisho wa muti, ulinyooshe vile vile. Jembe ni lile lile, lakini sasa mukono unatetemeka. Muzigo ukiwa mbali na mwili, mwili unauona kuwa muzito zaidi.

Watafutaji wa dhahabu wa Australia wanaijua shida hiyo vizuri. Wao wanatumia mashini ya kutambua chuma ndani ya udongo. Ni fimbo ndefu, na ku mwisho wake kuna sahani kubwa yenye inapita karibu na udongo. Mutu anaizungusha kushoto na kuume, saa kwa saa. Mashini moja yao, Minelab GPZ 7000, iko na uzito wa kupita kidogo kilo 3. Kwa mama mwenye kubeba gunia ya muhogo, kilo 3 ni mchezo. Lakini zikishikwa mbele ya mwili kwa mukono mumoja muchana kutwa, bega linawaka moto.

Walifanya nini? Wanavaa mikaba: miwili ku mabega, mumoja mupana ku kiuno. Kisha kamba ya mpira yenye kuvutika inatoka ku bega na kushikilia ile fimbo. Wengine wanaongeza kijiti chenye kinatoka ku mukaba wa kiunoni na kusukuma mashini juu kutoka chini. Mashini haikupunguka hata gramu moja. Lakini sasa mabega na kiuno vinabeba, na mukono unaongoza tu.

Hilo ndilo somo tunalolitaka kwa pompe yetu. Kazi ya kubeba iende ku mifupa mikubwa. Mikono ibaki na kazi ya kuongoza.

Bamama wetu wanaobeba kitunga na kamba ku kipaji cha uso walijua zamani kwamba muzigo unaweza kuhamishwa. Lakini kamba ile inaupeleka ku shingo, na shingo inachoka. Kiuno kiko na nguvu kuliko shingo na kuliko mabega: ni mifupa ile yenye inabeba sehemu yote ya juu ya mwili kila siku tangu tulipoanza kutembea.

Mambo matatu yenye yanabadilisha uzito

La kwanza ni upana wa mukaba wa bega. Mukaba wa santimetre 2 na nusu ukipanuliwa kuwa santimetre 5, uzito ule ule unagawanyika ku nafasi mara mbili. Bega linaona nusu ya nguvu pale pale lilikuwa linakatwa.

La pili ni pompe kukaa karibu na mugongo. Ikiachana na mugongo, inakuvuta nyuma, na wewe unajikunja mbele kwa kupigana nayo. Ni ule mukunjo unaoumiza mugongo wa chini.

La tatu ni mukaba wa kiunoni wenyewe. Pompe nyingi za soko hazikuje nao. Tunaweza kuutengeneza.

Namna ya kutengeneza

Tafuta ku garaje mukaba wa usalama wa kiti cha gari ya zamani. Uko na upana wa karibu santimetre 5, hauvutike, na hauoze haraka. Metre 4 zinatosha: mikaba miwili ya mabega, na mumoja wa kiuno. Fundi wa viatu ataushona kwa uzi wa nailoni.

Chini ya mukaba, pale unapokaa ku bega na ku mifupa ya kiuno, weka kitu chenye kulainisha. Hapa tusimame kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wanakosea. Wengi wanakimbilia sponji ya matela, juu ni laini. Sponji ile inakunywa maji. Pompe ikivuja tone kwa tone, sponji inakunywa dawa, na inaiweka ku ngozi yako muchana kutwa, pale ulipo na jasho. Ulitaka kulinda bega, kumbe umelifunga kitambaa cha sumu.

Tumia soli ya sandale nyepesi za mpira, zile za kwenda nazo kuoga. Zinalainisha na hazikunywe maji. Kama hauna hakika juu ya kitu ulichopata, kitie mu ndoo ya maji kwa dakika kumi, kisha kikamue. Kikitoa maji, usikitumie.

Na neno lingine kwa bamama na mabwana zao: kitenge cha kubebea mutoto kisitumiwe hata siku moja kulainisha mukaba wa pompe. Hata kikifuliwa. Ngozi ya mutoto ni nyepesi, na mutoto anatia kitambaa mu kinywa.

Mukaba wa kiunoni unafungwa ku sehemu ya chini ya pompe, pale mikaba ya mabega inaingia, upande wa kushoto na wa kuume. Usitoboe tanki. Kama kiti cha chini cha pompe hakina tundu, zungusha mukaba nyuma ya pompe yote, chini kabisa, na fundi aushone ku mikaba ya mabega ili usipande juu.

Namna ya kuvaa

Jaribio la kwanza linafanywa na maji safi, bila dawa, litri 10 tu.

Weka pompe juu ya meza ao ku ukingo wa shamba wenye kufika ku kiuno chako. Usiinue pompe yenye kujaa kutoka chini. Ni hapo migongo mingi inaharibika. Mu milima tuko na bahati: ukingo uko kila mahali.

Legeza mikaba ya mabega, ingiza mikono. Kisha funga kwanza mukaba wa kiunoni, juu ya mifupa miwili ya pembeni, siyo ku tumbo. Ukiufunga ku tumbo, utakuzuia kupumua na hautabeba kitu. Nyuma ya hapo, kaza mikaba ya mabega mpaka pompe iguse mugongo. Kipimo ni hiki: mukono wako uweze kupita kati ya mukaba na bega bila kulazimisha. Kama haupite, mabega bado yanabeba yote.

Tembea hatua ishirini, pampu, panda kidogo, shuka. Kama pompe inacheza kushoto na kuume, rudia.

Lazima ufunguke mara moja

Pompe inaweza kupasuka ku kifuniko ao kuvuja ku mupira wa dawa. Dawa ikianza kuteremuka ku mugongo, inaomba uitupe pompe chini mara moja na kuosha mwili kwa maji mengi na sabuni. Mutu aliyefunga kiuno na fundo gumu, mu magaà yenye maji, hataweza.

Kwa hiyo, tumia kishikizo cha kubonyeza kama kile cha mifuko ya wanafunzi, ao fundo la kamba ya kiatu lenye kufunguka ukivuta upande mumoja. Kila mwenye kuvaa ajaribu: mwenzake ahesabu moja, mbili, tatu. Pompe ikiwa bado mugongoni baada ya tatu, mukaba ule haujawa tayari kwa kazi.

Na mbele ya mukaba wowote, tengeneza kuvuja. Jaza maji safi, pampu kwa nguvu, angalia kifuniko, mupira na lansi. Mukaba muzuri ku pompe yenye kuvuja ni kumufunga mutu pamoja na hatari yake.

Punguza pia maji yenyewe

Hakuna sheria yenye kusema pompe lazima ijazwe mpaka juu. Ukitia litri 10, unabeba kilo 14 kuliko 20. Utarudi ku maji mara nyingi zaidi, ni kweli, lakini ku mulima mukali faida ni kubwa. Kitu kimoja tu: dawa nayo ipunguzwe. Kama kikaratasi cha dawa kinaomba gramu 40 kwa litri 16, basi kwa litri 10 ni gramu 25. Ukiacha gramu 40 mu litri 10, unaunguza mimea na unapoteza makuta.

Kama pompe ya koperative inatumiwa na watu wengi, mukaba uwe wa kupanuka na kufupika. Mutu murefu na mutu mufupi hawawezi kuvaa sawasawa. Jioni, mwenye kuitumia wa mwisho aoshe pompe inje na ndani, aoshe na mikaba kwa sabuni, mbali na muto na kisima, kisha aianike. Mikaba ya pompe isitumiwe kufunga kuni wala mbuzi.

Kile mukaba haufanye

Tuseme ukweli. Mukaba haugeuze kilo 20 kuwa kilo 10. Haulinde mapafu wala macho. Mabote, magaà, shati ya mikono mirefu na kitu cha kufunika kinywa na pua vinabaki lazima. Mama mwenye mimba ao mwenye kunyonyesha asipulizie dawa, hata kama mukaba ni muzuri namna gani. Na mutu mwenye maumivu yenye yanashuka kutoka mugongo mpaka ku muguu, ao muguu unaokufa ganzi, aende ku kituo cha afya. Hapo siyo tena kazi ya fundi wa viatu.

Tunaomba kila koperative ichague pompe moja na kuitengeneza kwanza. Wanamemba watano waitumie juma mbili, wanaume na wanawake, halafu waseme ku mukutano: bega linaumaje, mukaba unafunguka haraka, wapi unakata. Yule mwenye kubeba ndiye anajua. Sisi maagronome tutapita, tutasikiliza, na tutaonyesha koperative zingine kile mulichopata.

«Ni kazi tu» ni neno la kweli. Lakini kazi ni kulinda viazi na tomati. Kuumia bega haiko sehemu ya kazi.