Prosesa ya kompyuta imeharibika? Uliza waranti kabla ya kununua nyingine

Kompyuta ya mezani ya kituo chenu au ya biashara yako ikizimika ovyo na programu kukatika, mwombe fundi apime RAM na pawasaplai kwanza. Ikiwa tatizo ni prosesa, usikimbilie kununua nyingine. Huenda mtengenezaji akakubadilishia bure.

Kwa mfano, mwaka 2024 kampuni ya Intel ilitangaza kuwa baadhi ya prosesa zake za Core za mezani, kizazi cha 13 na cha 14, huharibika kwa kupata volti nyingi mno. Waranti yake iliongezwa miaka 2. Zilizouzwa kwenye boksi la Intel zina miaka 5 tangu siku ya kununuliwa.

Ufanye nini?

- Tafuta risiti na boksi, kisha piga picha namba zilizo kwenye lebo.
- Kama prosesa iliuzwa peke yake kwenye boksi, omba kubadilishiwa kupitia tovuti ya Intel.
- Kama ilikuja ndani ya kompyuta, rudi dukani au kwa kampuni iliyotengeneza kompyuta hiyo.
- Kabla ya kutuma, uliza nani atalipa usafirishaji.

Kama prosesa yako bado nzima, sasisha BIOS. Hatua hiyo huzuia uharibifu, lakini haiponyi prosesa iliyokwisha kuharibika.

Tunza risiti: bila hiyo ni vigumu kuthibitisha tarehe ya ununuzi.