Mara ya mwisho familia yenu kusafiri bila msiba ilikuwa lini?

Jiulize swali moja, na usijidanganye. Mara ya mwisho nyinyi nyote, baba, mama na watoto, kupanda gari moja na kutoka nje ya Nairobi, mlikuwa mnaenda wapi? Kama ulilelewa Umoja, Kayole, Dandora ama Jericho, jibu nalijua. Mlikuwa mnaenda kuzika. Basi la kukodi, maua mbele ya kioo, mchango wa wiki mbili, halafu mnarudi Jumapili usiku mmechoka kumshinda aliyezikwa.

Kama si mazishi, basi ni Desemba na ushago: mnaenda na mkate na sukari, mnarudi na gunia la mahindi. Sisi watu wa Eastlands tunasafiri kwa sababu. Kusafiri bure tu, kwenda mahali kukaa, hiyo tumewaachia watu wa Instagram.

Mwaka jana mimi na dada yangu tuliamua kujaribu. Nakusimulia kwa sababu inawezekana hata kwa mshahara wako huo unaoujua mwenyewe, na kwa sababu kuna mambo hutaambiwa na mwenye nyumba ya kukodi.

Kwanza umjue Mathe wetu. Ana kibanda Umoja, karibu na steji. Saa kumi alfajiri jiko limeshawaka. Saa kumi na moja makanga, madereva na mafundi wa mjengo wako kwa benchi na vikombe vya chai ya maziwa na mandazi mawili mawili. Amefanya hivyo miaka 19. Yeye mwenyewe hunywa chai yake saa nne asubuhi, ikiwa imebaki, na ikibaki huwa imepoa. Mwaka jana miguu ilianza kumfura, daktari akamwambia apumzike. Alicheka mpaka daktari naye akacheka.

"Nikifunga siku nne," alituambia nyumbani, "wateja watajua njia ya kwa mwingine." Hakuwa anatia chumvi. Ng'ambo ya barabara kijana mmoja alikuwa amefungua kibanda chake, na viti vya kuegemea na muziki juu. Kwa hivyo ukisikia mtu akisema likizo ni starehe, kumbuka kwamba kwa wazazi wengi wa mtaani likizo ni hatari. Siku nne zinaweza kukumalizia biashara ya miaka 19.

Tulimshawishi polepole. Mimi na dada kila mmoja aliweka elfu tatu kwa mwezi, miezi mitano. Elfu thelathini kwa watu watano: nauli kwenda na kurudi, nyumba usiku tatu, na chakula cha kupika wenyewe. Ushauri hapa ni mmoja tu, na ni wa bure: usimwambie baba yako bei ya nyumba. Buda wetu alifanya kazi Industrial Area maisha yake yote na anajua thamani ya elfu moja kuliko waziri yeyote. Tulimwambia ni ya rafiki.

Dada alitaka Mombasa. Mathe akasema joto analijua, amekaa mbele ya jiko, apelekwe mahali pa baridi. Nikataja Kericho. Akanyamaza kidogo, akifuta meza ambayo ilikuwa safi tayari. Kisha akasema, "Sawa. Lakini msinipeleke kwa mashamba ya chai." Hatukumwuliza kwa nini. Sisi watoto wa siku hizi tunajua kila kitu kuhusu wachezaji wa Arsenal, lakini wazazi wetu hatuwaulizi.

Tulisafiri Agosti, shule zimefungwa, kitinda mimba wetu wa kidato cha tatu akiwa amepewa siti ya dirisha kwa sababu hutapika. Ukitoka Nairobi asubuhi na mapema, Bonde la Ufa linakufungukia kabla hujamaliza mandazi ya kwanza, kisha Naivasha, Gilgil, Nakuru. Ukifika Mau Summit barabara inapinda kushoto, hewa inabadilika ndani ya gari, watu wanaanza kufunga madirisha bila kuambiana. Halafu unaona kijani. Si ile kijani ya Uhuru Park. Ni vilima juu ya vilima vimekatwa juu sawasawa, kama kichwa kilichotoka kwa kinyozi sasa hivi.

Hiyo si bahati ya maumbile, ni kazi ya mikono. Mchai ukiachwa peke yake unakuwa mti kabisa. Unapogolewa kila baada ya miaka michache ili ubaki kimo cha kiuno cha mchumaji. Na wala hautoki huku. Mbegu za kwanza zilipandwa Limuru mwaka 1903, zikiwa zimetoka India, na miaka ya 1920 kampuni kubwa za Waingereza zikaanza kufunika Kericho. Kule India, chini ya milima ya Himalaya, kuna mji wa Darjeeling ulio juu karibu sawa na Kericho, zaidi ya mita 2,000, na familia za Kolkata hukimbilia huko kupata hewa baridi. Lakini tofauti ni hii: Darjeeling majira ya baridi yakiingia, mchai hulala. Hautoi majani, uchumaji husimama mpaka joto lirudi. Kericho iko karibu na ikweta, mvua inanyesha karibu mwaka mzima. Mchai wa Kericho haulali. Kwa hivyo na anayeuchuma halali.

Nyumba yetu ilikuwa kwa mkulima mdogo, nje kidogo ya mji. Mama mwenyeji alitupokea na "Chamgei!" na kibuyu cha mursik. Kitinda mimba alionja, akaniangalia kama mtu aliyesalitiwa. Buda alimaliza kikombe chake na akamalizia na cha kijana.

Asubuhi ya kwanza niliamka saa kumi na nusu kwenda haja. Nikamkuta Mathe jikoni, amejifunga leso, amekaa kwa kiti gizani. Hajawasha kitu.

"Mathe, uko sawa?"

"Niko sawa. Mikono ndiyo haijui imefika wapi."

Nilikaa naye. Hatukuongea mengi. Saa kumi na mbili mama mwenyeji akaja na birika, akammiminia chai kikombe cha kwanza. Mathe akanywa, akasema asante, na alipotoka akaninong'oneza kwamba maziwa ni mengi na majani ni machache. Nikajua amepona.

Sasa mvua. Kericho na Nandi ni kati ya sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani, na saa tisa alasiri hiyo tuliipata kamili. Mabati yalilia mpaka ikabidi tuongee kwa mikono. Sisi tulikuwa na simu tunarekodi. Mathe alikuwa dirishani, anatazama shamba la mwenyeji likipigwa, majani yakipasuka na kudondoka.

Ilipopungua akasema, bila kugeuka, "Leo nyapara hatapata mtu wa kumpigia kelele. Hakuna kilo."

Buda akainua kichwa. Hata yeye, mume wa miaka 30, alikuwa hajui mengi ya hadithi hii. Babu, baba yake Mathe, aliacha kwao Vihiga akaja kuandikwa kazi katika kampuni moja ya chai huku. Jina lake halina haja. Mathe alikulia kambini, chumba kimoja, mpaka alipomaliza darasa la saba. Shule zikifungwa alikuwa anaingia shambani na mama yake, kwa sababu malipo yalikuwa kwa kilo na mikono minne inajaza kapu haraka kuliko miwili. Alfajiri umande unalowesha nguo mpaka kifuani. Ikinyesha mawe, majani yanaharibika, hakuna cha kupima, na siku hiyo imeenda hivyo.

"Nyinyi mnasema likizo ya Agosti," akasema. "Mimi likizo ya Agosti naijua. Ilikuwa kazi."

Dada yangu alianza kuomba msamaha kwa kumleta. Mathe akamkatiza, akamwuliza kama kuna viazi vya jioni.

Ningekuwa na akili ya siku hizo ningeiacha hapo. Lakini kesho yake jua lilitoka, na mama mwenyeji akamwalika aone upande wa shamba uliokingwa na miti, ambao mawe hayakuuguza sana. Mathe akaenda na gambuti za kuazima. Kitinda mimba akataka kujaribu kuchuma, akakwanyua jani kubwa gumu la chini. Mathe akashindwa kuvumilia. Alimshika mkono.

"Majani mawili na chipukizi lao. Si hilo, hilo ni la kulisha mbuzi. Vunja kwa kidole, usikwaruze na kucha. Na usiyafinye mkononi, yatapata joto yawe mekundu kabla hujafika kwa mizani."

Kisha akachuma. Wewe umewahi kumwona mama yako akifanya kitu ambacho hukujua anakiweza? Mikono miwili kwa pamoja, kila mmoja na njia yake, na ngumi ikijaa inatupa nyuma juu ya bega bila yeye kuangalia. Hakuwa na kapu mgongoni. Majani yalikuwa yanaanguka kwenye matope nyuma yake. Miaka 40 na mabega bado yanakumbuka kapu. Mama mwenyeji alipiga makofi, akakimbia kumletea kapu, na hao wawili wakaendelea mstari mzima wakipiga stori za bei, bonasi na nyapara, kama watu waliosoma shule moja.

Kuna vitu nilielewa hapo ambavyo vitabu vya shule vilinipitia. Enzi za ukoloni Mwafrika alizuiwa kwa miaka mingi kupanda chai yake mwenyewe; ilikuwa ya mzungu, na yeye alikuwa wa kuchuma. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni iliuhamisha ukoo wa Talai kutoka huku ikaupeleka Gwassi, kando ya Ziwa Victoria, na wazao wao bado wanadai haki hadi leo. Shirika la wakulima wadogo, KTDA, lilianza mwaka 1964, na sasa zaidi ya nusu ya chai ya Kenya inatoka kwa watu kama huyu mama mwenyeji, wenye kipande chao nyuma ya nyumba. Ila kwa yule wa kambini mambo yamegeuka tena: mashine zinachukua nafasi ya mikono. Mei 2023 vijana wa Kericho waliandamana, mashine kadhaa zikachomwa moto. Mathe nilimwambia hiyo nikifikiri atawaunga mkono. Alifikiria kidogo akasema kazi ile haitamani kwa mtoto wa mtu, lakini mtoto wa mtu lazima ale.

Siku ya mwisho tuliingia mjini kwenye Gurdwara, hekalu kubwa la Masingasinga. Ukienda, vua viatu, funika kichwa, osha mikono. Hawatakuuliza dini wala kabila. Unaketi chini na kila mtu, unapewa chakula, hulipi. Buda alitafuta pochi mara mbili, akaambiwa aiweke. Mathe alikula taratibu. Akapewa chai, yenye viungo, akaomba ya pili. Huyo ni mwanamke ambaye katika siku zangu zote duniani sijamwona akiomba kikombe cha pili.

Miguu yake ilikuwa imeshuka. Sitakuambia ilipona, kwa sababu ndani ya wiki mbili ilianza kufura tena, na sasa tunabishana naye kuhusu kuajiri msichana wa kumsaidia asubuhi. Tunashindwa, lakini tunabishana.

Tulirudi Jumatatu usiku. Alikuwa amenunua kilo mbili za majani chai kwa mama mwenyeji, kutoka kiwanda cha hapo, na kwenye gari aliyashika mapajani kama mtoto. Jumanne saa kumi alfajiri jiko liliwaka kama kawaida. Nilimsindikiza, kidogo kwa mapenzi na sana kwa woga wa kuona benchi tupu. Mafundi wawili walikuwa wamehamia ng'ambo kwenye viti vya kuegemea, na hawajarudi hadi leo. Wengine walikuja, tena wakilalamika kwamba walikunywa maji ya moto siku nne.

Makanga wa kwanza alipokea kikombe, akainamisha kichwa kwa heshima.

"Pole sana Mathe. Mmezika nani?"

"Hatujazika mtu. Tulienda tu kukaa."

Jamaa alimtazama, akanitazama mimi, akanywa chai yake kimya. Jioni simu ya Mathe ikalia ujumbe wa M-Pesa. Alikuwa ametuma mia mbili za rambirambi.